Barafu Inayowaka: Serikali Ilipie Swali, Isilipie Ahadi

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Kazi za wateja zilinibana, na zilipolegea kidogo, stima nayo ikaanza michezo yake. Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata, nizungumze juu ya kitu ambacho kimenikosesha usingizi wiki mbili sasa: barafu inayowaka moto.

Yote yalianza kwa kijana mmoja tunayefanya naye kazi. Alinitumia video. Mtu ameshika kipande cheupe, kama barafu ya kwenye friji, anakisogezea kiberiti, na kile kipande kinashika moto huku maji yakidondoka kati ya vidole. Chini yake kijana akaandika: "Mkubwa, shida ya nishati duniani imeisha. Serikali zinangoja nini?"

Nilimjibu kwa jeuri kidogo. Nikamwambia serikali hazingoji kitu, zimemwaga pesa huko kwa zaidi ya miaka 20 na bado hakuna mama aliyepikia chai kwa barafu hiyo. Waache kupoteza ushuru wa watu! Kisha nikaenda kusoma ili nimthibitishie kwamba amekosea.

Mnajua mambo ya kusoma ili umshinde mtu... Nimerudi na msimamo ambao si wa kijana, wala si ule wangu wa kwanza.

KWANZA, NI KITU GANI HIKI?

Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Ndiyo hiyohiyo inayowaka jikoni kwa wenye ng'ombe waliochimba mtambo wa bayogesi nyuma ya nyumba. Sasa, methani ikikutana na maji mahali penye baridi na presha kubwa, molekuli za maji hujipanga kama vizimba vidogo na kuifungia gesi ndani. Kitu kinachopatikana kinafanana na barafu, nacho huitwa haidreti ya methani.

Maji na gesi havijaungana kikemia. Maji yamebaki maji na methani imebaki methani, ila mmoja amemfungia mwenzake chumbani. Ukipunguza presha au ukiongeza joto, kizimba kinavunjika na gesi inatoka. Mita moja ya ujazo ya haidreti hutoa karibu mita 160 za ujazo za gesi. Sisi wa kompyuta tungesema ni faili lililofinywa vizuri sana.

Hupatikana wapi? Sehemu kubwa iko chini ya sakafu ya bahari, pale mabara yanapoteremka kwenda kwenye kina kirefu, na nyingine iko chini ya ardhi iliyoganda mwaka mzima huko Alaska, kaskazini mwa Kanada na Siberia.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba wahandisi waliijua kwanza kama hitilafu. Mwaka 1934 Mmarekani aitwaye Hammerschmidt alionyesha kwamba kilichokuwa kikiziba mabomba ya gesi wakati wa baridi hakikuwa barafu ya kawaida, kilikuwa haidreti. Kwa miaka mingi swali likawa moja tu: tuizuie vipi? Baadaye ndipo watu wakaanza kuuliza: je, tunaweza kuichimba?

Na hapo ndipo namba kubwa zikaanza kuruka. Mwaka 1988 mwanajiolojia Keith Kvenvolden alikadiria kwamba kaboni iliyofungwa kwenye haidreti duniani ni kama gigatani 10,000, yaani mara mbili ya kaboni ya makaa ya mawe, mafuta na gesi nyingine zote tunazozijua. Namba hiyo bado inazunguka kwenye intaneti kama Biblia. Lakini makadirio ya baadaye yameshuka mara kadhaa, na sababu ni kwamba watu walikwenda kuchimba na kupima badala ya kukisia.

Mfano mzuri ni Alaska. Taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, USGS, ilisema mwaka 2008 kwamba gesi ya haidreti inayoweza kuchimbwa kitaalamu kaskazini mwa Alaska ni futi za ujazo trilioni 85 hivi. Mwaka 2018 taasisi hiyohiyo, kuhusu eneo hilohilo, ilisema trilioni 54. Trilioni 31 zimeyeyuka bila mtu kuwasha hata kiberiti! Mimi silaumu. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti, kupunguza ndoto hadi zifikie kimo cha ukweli.

NANI AMEKUWA AKILIPA?

Serikali. Karibu kila mahali ni serikali.

Marekani ilipitisha sheria maalumu ya utafiti wa haidreti ya methani mwaka 2000, ikaipa wizara ya nishati jukumu la kuongoza. Sheria ya nishati ya mwaka 2005 ikaiongezea nguvu na kuruhusu bajeti ipande mwaka hadi mwaka, kuanzia dola milioni 15 mwaka 2006 hadi milioni 50 mwaka 2010. Ninasema "kuruhusu" makusudi, kwa sababu pesa zilizotolewa hasa zilikuwa chini ya hapo. Anayejua bajeti za serikali, yetu au ya wengine, anaelewa tofauti ya kinachoandikwa na kinachofika.

Japani ilianza mpango wake wa taifa mwaka 2001. Uchina na India nazo zimo. India ilipeleka meli ya kuchimba kwenye bahari yake mwaka 2006, ikarudi tena mwaka 2015. Kanada iliwakaribisha wageni wake kwenye kisima cha Mallik, kule kaskazini kabisa, kwa majaribio ya mwaka 2002 na tena mwaka 2007 na 2008. Kisha mwaka 2013 serikali ya Kanada ikasema inatosha, ikaacha kulipa.

Kwa nini Japani haikuacha? Nchi ile huagiza kutoka nje karibu gesi yake yote. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, mitambo yake ya nyuklia ilizimwa mmoja baada ya mwingine, na ikabidi inunue gesi zaidi tena kwa bei ya kuumiza. Na pale mlangoni, kwenye bonde la bahari la Nankai upande wa mashariki, wataalamu wake walikuwa wamekadiria kuna gesi ya haidreti mita za ujazo trilioni 1.1. Hiyo ni sawa na gesi ambayo Japani iliiagiza kwa miaka kama 11, kwa kipimo cha mwaka 2011. Mtu mwenye njaa akiambiwa kuna ghala chini ya nyumba yake, utamlaumu akianza kuchimba?

Ila ghala hilo lina tatizo. Namba ile ni ya gesi iliyopo. Gesi iliyopo na gesi inayopatikana ni vitu viwili, kama vile deni ulilomkopesha rafiki na pesa zilizoko mfukoni.

MCHANGA!

Tarehe 12 Machi 2013 meli ya Japani iitwayo Chikyu, ikiwa juu ya maji yenye kina cha mita 1,000 hivi, ilipata gesi kutoka kwenye haidreti ya chini ya bahari. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa jaribio la namna hiyo baharini. Njia waliyoitumia ni rahisi kuieleza. Unachimba kisima hadi kwenye tabaka la haidreti, unapampu maji yaliyomo kisimani, presha inashuka, vizimba vinavunjika, gesi inapanda. Ulimwengu mzima ulishangilia.

Siku ya sita kisima kikaziba. Mchanga.

Tabaka zile za bahari si mwamba mgumu. Ni mchanga na matope, na haidreti yenyewe ndiyo gundi inayoshikilia punje. Ukiivunja ili upate gesi, umevunja pia kilichoshikilia mchanga, nao unaanza kutiririka kuelekea kisimani pamoja na maji. Fikiria unanyonya maji ya dafu kwa mrija, halafu nyama yote ya dafu inaporomoka na kukufuata.

Mwaka 2017 walirudi na vichujio vipya na visima viwili. Cha kwanza kilikwenda siku 12, kikasimamishwa... mchanga tena. Cha pili kilikwenda siku 24 bila mchanga kusumbua.

Mwezi huohuo wa Mei 2017 Uchina nayo ilianza jaribio lake katika eneo la Shenhu, kwenye Bahari ya Kusini ya China, likaenda siku 60. Mwaka 2020 ikarudi na kisima kilicholazwa, likaenda siku 30.

Mimi ni mtu wa namba, kwa hivyo nilifungua lahajedwali nikagawanya gesi kwa siku:

- Japani 2013: mita za ujazo 120,000 kwa siku 6. Ni 20,000 kwa siku.
- Japani 2017, kisima cha kwanza: 35,000 kwa siku 12. Ni kama 2,900 kwa siku.
- Japani 2017, kisima cha pili: 200,000 kwa siku 24. Ni kama 8,300 kwa siku.
- Uchina 2017: zaidi kidogo ya 300,000 kwa siku 60. Ni kama 5,000 kwa siku.
- Uchina 2020: 861,400 kwa siku 30. Ni kama 28,700 kwa siku.

Kisima kizuri cha gesi ya kawaida baharini hutoa mamia ya maelfu ya mita za ujazo kwa siku, kwa miaka, bila kudai upampu maji mfululizo. Tazama tena hiyo orodha. Majaribio yale hayakuwa sawa, mengine yalitafuta wingi na mengine yalitafuta uvumilivu, kwa hivyo nisiseme fulani kamshinda fulani. Lakini hata iliyo bora haijafika mlangoni pa biashara.

Kuna kikwazo kingine ambacho mwenye mtungi wa gesi ameshakionja. Ukiwasha jiko kubwa kwa mtungi mdogo, baada ya muda mtungi unakuwa baridi sana na moto unafifia. Kitu kikigeuka kuwa gesi hufyonza joto. Haidreti nayo, ikivunjika, inafyonza joto la tabaka lililoizunguka, inajipoza, na kazi inapungua kasi. Ukiharakisha sana inaweza hata kuganda upya. Mali inayojifungia mlango yenyewe!

Wamarekani walijaribu njia nyingine huko Alaska mwaka 2012, kwenye kisima walichokiita Ignik Sikumi, maneno ya wenyeji yenye maana ya moto ndani ya barafu. Waliingiza hewa ya ukaa iliyochanganywa na naitrojeni ili hewa ya ukaa ichukue nafasi ya methani ndani ya vizimba. Gesi ilitoka kwa mwezi hivi. Kisha mwaka 2023 hadi 2024, hukohuko Alaska, Wamarekani na Wajapani wakafanya jaribio refu kuliko yote yaliyotangulia, la miezi kama 10. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, mpango wa Japani wa mwaka 2013 ulitarajia teknolojia ya biashara iwe imekamilika kufikia mwaka 2018. Mwaka huo umepita zamani.

NILIPOANZA KUBADILIKA

Hapa naomba niwape kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kutengeneza mfumo wa kompyuta kwa ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Demo ilipendeza. Wakubwa walipiga makofi, picha zikapigwa, chai na mandazi vikaliwa. Mkataba ulisema tulete "mfumo kamili". Hakuna mahali palipoandikwa tupime kwanza kama matawi ya mashambani yana stima na mtandao wa kutosha. Tulipofika huko, hayakuwa nayo. Mfumo ulikufa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulichojifunza nacho kilikufa. Ripoti ilifungiwa kabatini kwa sababu ingewaaibisha watu, na baadaye nikasikia ofisi nyingine inatangaza zabuni ya mfumo uleule, na kwa kosa lilelile.

Nikilinganisha kisa hicho na cha mchanga wa Nankai, naona aibu. Wajapani walizibwa na mchanga mbele ya macho ya dunia, wakasema wazi tumezibwa na mchanga, wakatoa takwimu, wakarudi baada ya miaka minne na vichujio vipya. Ndiyo maana mimi, mtu wa Nairobi asiye na chuo cha mafuta, ninaweza kukaa na kugawanya gesi yao kwa siku. Ushuru wao umenunua kitu ambacho hata mimi ninakitumia.

Hapo nikaona swali langu la kwanza lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza, "Je, serikali zimepata gesi?" Jibu ni hapana, basi nikasema pesa zimepotea. Nilipaswa kuuliza, "Je, serikali zimepata majibu?"

Zimepata mengi. Tunajua kadirio la 1988 lilikuwa kubwa mno. Tunajua kupunguza presha hufanya kazi vizuri kuliko kupasha joto, kwa sababu huko Mallik mwaka 2002 maji ya moto yalitoa mita za ujazo chini ya 500 kwa siku tano, na mwaka 2008 kupunguza presha kukatoa kama 13,000 kwa siku zisizofika sita. Na kuhusu ile hofu kwamba bahari ikipata joto haidreti zote zitalipuka na kuichoma dunia, jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilieleza mwaka 2021 kwamba uwezekano wa methani hiyo kuongeza joto kwa kiasi kikubwa katika karne chache zijazo ni mdogo sana. Jibu hilo halikutoka kwa kampuni inayotaka kuuza gesi, wala kwa mtu anayetaka kututisha. Lilitoka kwa vipimo vya watafiti ambao wengi wao hulipwa na umma.

Kuna la kiutendaji zaidi. Mei 2010, kisima cha mafuta cha BP kilipokuwa kinavuja katika Ghuba ya Meksiko kwenye kina cha mita 1,500 hivi, walishusha kuba kubwa la chuma lifunike uvujaji. Haidreti zikaganda ndani yake, zikaziba tundu la juu, kuba likaanza hata kutaka kuelea. Mpango ukashindwa. Mafuta yaliendelea kuvuja hadi Julai. Anayedhani barafu hii ni suala la wenye ndoto tu, akumbuke kuba lile.

HOJA ZA WANAOPINGA

Nisizikwepe, maana baadhi zilikuwa zangu.

Ya kwanza: "Kama ina faida, kampuni za mafuta zilipie zenyewe." Ni hoja nzuri, lakini kampuni hulipia swali ambalo jibu lake linaweza kuuzwa. Gesi ya miamba migumu, ambayo imeifanya Marekani kuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa gesi iliyosindikwa kuwa maji kufikia mwaka 2023, ilianza kwa utafiti wa serikali wa miaka ya 1970, na kampuni zikaingia kwa kishindo miongo kadhaa baadaye. Ila hapohapo pana upande wa pili wa sarafu. Gesi hiyo ndiyo iliyoshusha bei na kuifanya haidreti ionekane ghali zaidi! Utafiti mmoja wa serikali umeua soko la mwingine. Ndivyo mambo yalivyo, huwezi kujua mbegu ipi itaota.

Ya pili: "Ni mafuta ya kisukuku, tutachoma dunia." Hii ndiyo nzito kuliko zote, na sina jibu la kuifuta. Ni kweli umeme wa gesi hutoa karibu nusu ya hewa ya ukaa ya umeme wa makaa ya mawe. Ni kweli pia kwamba methani ikivuja kabla ya kuchomwa, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 20. Uvujaji kidogo tu unakula faida yote. Tena bei ya umeme wa jua ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 2010 na 2020. Kila mwaka unaopita, nafasi ya gesi hii sokoni inazidi kuwa finyu.

Ya tatu: "Utafiti ukianza hauishi." Kweli kabisa! Kila ripoti husema "bado kidogo". Tunaoandika programu tunaijua hiyo "bado kidogo". Inaweza kula miaka kumi.

MSIMAMO WANGU

Basi nasimama wapi? Serikali ziendelee kulipia utafiti wa haidreti ya methani, zisilipie uchimbaji wake. Umma ununue majibu. Siku kampuni ikitaka kuuza gesi, ibebe hasara yake yenyewe, bila ruzuku na bila kusamehewa kodi.

Na hata huo utafiti uwe na masharti. Kama mimi ndiye ningeandika mkataba, ningeweka manne.

1. Takwimu zote ziwe wazi, hasa za kushindwa. Tunaopenda programu huria tunajua kasoro ikionwa na macho mengi hurekebishwa haraka. Pesa za umma, data za umma.

2. Kila awamu iandike mapema swali lake na alama ya kusimama. Kwa mfano: kisima kikishindwa kutoa kiasi fulani kwa siku kadhaa mfululizo, tunasimama. Alama hiyo iandikwe kabla meli haijang'oa nanga, kwa sababu baadaye kila mtu ana kisingizio.

3. Vipimo vya uvujaji na vya sakafu ya bahari vichukuliwe kabla, wakati na baada ya jaribio, na watu wengine tofauti na wanaochimba. Mwanafunzi hasahihishi mtihani wake mwenyewe.

4. Bajeti hii isiwe sababu ya kupunguza ya jua, upepo na mvuke. Wakati wa kuchagua ukifika, hivyo vitatu vitangulie.

Kanada iliyoacha mwaka 2013 siioni kama imeshindwa. Iliuliza, ikapata majibu, ikaangalia mfuko wake, ikaamua. Japani iliyoendelea siioni kama mjinga, ina njaa tofauti. Nitakayemlaumu ni yule atakayeendelea bila kusema atajuaje kwamba ni wakati wa kuacha.

NA SISI JE?

Najua kuna anayesema, "Sasa Alaska na Nankai zatuhusu nini sisi?" Zinatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, mashariki mwa Afrika kuna gesi ya bahari ya kina kirefu. Msumbiji ilianza kuuza nje ya kwake, kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul, mwaka 2022. Tanzania nayo ina gesi nyingi baharini inayosubiri mradi. Gesi hiyo si haidreti, lakini ikipita kwenye bomba lenye presha chini ya maji baridi, adui wa Hammerschmidt yupo palepale. Wahandisi wetu wanahitaji ujuzi ambao wengine walilipia.

Pili, na hili ndilo linalonigusa zaidi, tunao mfano wetu nyumbani. Mwaka 1956 visima viwili vya mvuke vilichimbwa Olkaria, visizae matunda. Kijana wangu wa ofisini angesema nini siku hiyo? Nami ningesema nini? Pengine ningeandika makala kali kuhusu pesa za umma zinazomwagwa kwenye mashimo ya Naivasha! Miaka ya 1970 serikali ilirudi pale kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka. Mwaka 2008 serikali ikaunda kampuni ya GDC, ambayo kazi yake mojawapo ni kubeba hatari ya kuchimba kisima kinachoweza kutoka kitupu. Leo mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya.

Nisiwadanganye, Olkaria na Nankai si mapacha. Olkaria mvuke ulikuwa unatoka ardhini wenyewe, watu wanauona, na ulipopatikana haukuhitaji kuchomwa. Pengine haidreti haitafika popote. Pengine miaka 30 ijayo watoto wetu wataisoma kama jambo lililojaribiwa, likapimwa vizuri, likaachwa salama chini ya bahari pamoja na methani yake. Kwangu mimi hayo nayo yatakuwa matokeo ya kulipiwa, mradi yameandikwa wazi na hayakufungiwa kabatini.

Kijana nimemjibu upya. Nimemwambia shida ya nishati haijaisha, na serikali hazingoji, zinauliza. Akaniuliza, "Kwa hivyo ulikuwa umekosea, mkubwa?" Nikamwambia arudi kwenye kazi, mteja anasubiri.

Haya, nanyi mnaonaje? Ungekuwa bungeni, ungepitisha bajeti hii au ungeipiga chini? Niandikieni, hasa mnaofanya kazi kwenye visima vya mvuke na gesi. Mkinisahihisha nitashukuru, na nitaandika wazi kwamba nimesahihishwa.

Tuonane tena hapahapa, stima ikiruhusu.